Picha Yangu Mbele ya Jeneza la Mayu

Bariadi wananicheka. Wacha wacheke. Wanasema Kasmiri mpiga picha, mwenye studio pale karibu na stendi, kamzika mama yake mzazi na mbele ya jeneza kaweka picha yake mwenyewe. Si ya marehemu. Yake yeye, Kasmiri, mdomo wazi na mkono mbele, kama mtu aliyekanyaga nyoka. Anayeieneza habari hiyo ni Rodgers, mwenye studio ya jirani, yule mwenye kindege cha kupigia picha za harusi kwa juu. Anaipeleka kila kijiwe, na akifika mahali pa kucheka anacheka yeye kwanza ili wenzake wajue ni hapo. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini kama mmeamua kusimulia, simulieni yote, na mkishindwa nitasimulia mwenyewe.

Yote yaliletwa na kopo la plastiki.

Binti yangu Precious yuko chuo Mwanza, anasomea mambo ya habari. Likizo ya mwezi wa tano alirudi na begi la nguo chafu, na kitu cheusi alichokiviringisha kwenye kanga. Akakifungua juu ya kaunta yangu, mbele ya wateja.

"Baba, ona kamera."

Nikaona. Nikaishika. Asikudanganye mtu, bakuli la uji wa mtoto lina uzito kuliko kile kitu. Mwili plastiki, kitufe plastiki, na hata lenzi, Mungu anisamehe, lenzi nayo ilikuwa plastiki. Nikaitikisa, ikalia ndani kitu kama njugu.

"Umenunua?" nikamuuliza.

"Hapana. Kuna mwalimu mgeni alikuja kutufundisha, akaondoka akatuachia."

"Hata mimi ningeiacha," nikasema, na mteja mmoja akacheka.

Msinione mshamba wa filamu. Filamu naijua. Nimeanza kazi hii kijana mdogo, najifungia kwenye chumba cha giza nasafisha picha, mikono inanuka dawa mpaka ugali unakosa ladha. Zilipokuja hizi kamera za kidijitali, zenye kioo nyuma, nilimshukuru Mungu, nikauza vyombo vyote vya zamani bila kugeuka nyuma. Leo unaingia kwangu umevaa fulana yenye matundu, unatoka kwenye picha umevaa suti na tai, ngozi laini, nyuma yako maghorofa. Chunusi naondoa, upara napunguza, pengo naziba. Watu wanapenda, wanarudi, wanaleta na shemeji zao. Halafu mtoto niliyemsomesha mwenyewe ananiletea kopo.

Akaanza kunifundisha. Mimi! Hapa, baba, unachagua umbali. Kuna alama ya mtu mmoja, ya watu watatu, ya watu wengi na ya mlima. Nikamuuliza, na mtu mmoja aliyesimama mbele ya mlima? Akasema, "Baba bwana." Hapa juu kuna kijiti cha kuchagua jua au wingu, lakini mwenyewe alikiri kwamba ukikisogeza hakuna kinachobadilika. Kamera ina swichi ya urembo! Mgongo wake unafungwa na utepe mweusi wa fundi umeme, la sivyo mwanga unapenya na kuchoma filamu. Filamu yenyewe pana, na picha ni kumi na mbili tu, basi, kwisha. Baada ya kila picha unazungusha kwa mkono huku unachungulia namba kwenye kitundu chekundu. Ukisahau kuzungusha, picha inapanda juu ya picha.

"Halafu unapolenga," akasema, "huoni kupitia lenzi. Unaona kupitia hiki kidirisha cha pembeni."

"Yaani ninachokiona mimi sicho inachokiona yenyewe?"

"Ndiyo. Kwa hiyo uwe makini na—"

Nikamkatiza. Nilimwambia nilikuwa napiga picha kabla mama yake hajajua kusuka ukili, kwa hiyo makopo asinifundishe. Akalifunga kopo lake kwenye kanga. Hayo maneno yakumbukeni, maana nimeyalipia.

Sasa niwaambie habari za Mayu. Sisi Wasukuma mama ndivyo tunavyomwita. Mayu wangu jina lake Minza, aliishi Nkoma, kwenye mji ule ule alioletwa akiwa bibi harusi, na hakuna aliyewahi kumhamisha. Alikuwa na pengo la mbele, na shavuni kovu refu lililotoka chini ya jicho mpaka karibu na mdomo. Ni pembe ya ng'ombe. Ng'ombe alikuwa amezaa siku hiyo, na mtoto mmoja mjinga, aliyejua kutambaa kuliko kutembea, akaingia zizini kumshika ndama. Mayu alijirusha katikati. Mtoto huyo ni mimi.

Dada yangu Evalina alipoolewa nilimpiga Mayu picha nzuri sana, na nikaitengeneza kama ninavyotengeneza za watu wote, ile halisi nikaifuta. Nikampelekea kwenye fremu. Akaitazama.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Mayu."

"Kovu langu umelipeleka wapi?"

"Nimelitoa, upendeze."

Akanirudishia fremu yangu. "Kama kovu halipo," akasema, "basi na wewe uliuawa na yule ng'ombe." Toka siku hiyo, akiona kamera au simu imeinuliwa, anajifunika kanga usoni. Wajukuu wameshindwa, mapadre wameshindwa. Mimi nikasema huyo ni mzee, ana hasira za wazee, zitapita.

Wapi! Ukaja msiba wa mzee Masunga, jirani yake pale pale Nkoma. Wanawe walinijia studio wakaniambia, Kasmiri, mpendezeshe baba. Nikampendezesha. Nilimvalisha suti ya bluu, nikamng'arisha, nikamjazia meno yote. Siku ya mazishi picha ikawekwa mbele ya jeneza, kubwa, na maua pembeni. Nilikuwa nimesimama hapo hapo nasubiri sifa. Akafika bi Apolonia kutoka Lalago, dada wa marehemu kwa baba mdogo, na shoga wa Mayu tangu wakiwa wasichana. Katoka mbali, kachoka, vumbi mpaka kwenye kope. Akaiangalia ile picha, akageuka kutoka.

"Nimepotea," akasema. "Nimekosea msiba. Mimi nakwenda kwa Masunga."

Ikabidi wamshike mkono wamrudishe. Watu walicheka msibani, jamani, wengine wamejiziba na kanga mabega yanatikisika. Mimi nikasema macho yake mabovu. Lakini Mayu alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameona kila kitu, na tulipokuwa tunaondoka aliniambia maneno machache tu: "Mimi usije ukaniliza kwa sura ya mtu mwingine."

Tangu hapo Evalina akawa hanipi nafasi ya kupumua. Kila akipiga simu ni hilo. Mayu kazeeka, siku ikifika utaweka nini mbele ya watu? Mpiga picha mzima, huna picha ya mama yako! Kinyozi hajinyoi, lakini wewe umezidi. Namjibu kwa ukali, nakata simu, halafu nakaa kwenye kiti cha wateja natazama ukuta. Ukutani wamejaa mama za watu. Wangu hayupo. Iliniuma, sina haja ya kuficha.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyojisikia Precious aliporudi kutoka Nkoma kumsalimia bibi yake, ameshika lile kopo, anacheka peke yake.

"Bibi amekubali kupigwa picha."

"Thubutu!"

"Kweli. Aliniuliza picha inaonekana wapi, nikamwambia haionekani mpaka isafishwe. Akauliza, ikishasafishwa inarekebishwa? Nikamwambia hii inatoka ilivyotoka. Akasema basi, hiyo anaitaka."

"Ukampiga?"

"Amekataa nimpige mimi. Amesema apigwe na mwanawe. Ila uende na hii. Nyingine amesema ubaki nazo."

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nina kamera tatu pale studio, nina taa, nina miavuli ya taa, nina jina kutoka Bariadi mpaka Lamadi, halafu mama yangu ananiambia nimpige kwa kitu ambacho kikidondoka sakafuni kinadunda! Nilitaka kukataa. Lakini nilijua, na Precious alijua, kwamba mlango umefunguliwa mara moja na hautafunguliwa tena. Likizo ilipokwisha akaniachia kamera ikiwa na filamu ndani. Akiba hakuwa nayo, na hapa kwetu ukiulizia filamu unaonyeshwa meza ya sidii za muvi za mapigano.

Nikaenda Nkoma mwezi wa sita, kwa pikipiki. Barabara ile wakati wa pamba mnaijua, malori yanapita, vumbi linasimama hewani, unafika una rangi ya ukuta. Kabla ya kuondoka niliipachika kamera kifuniko chake mbele, cheusi juu ya weusi, nikakikandamiza vizuri, nikaifunga kwenye mfuko. Sijui nilikuwa nalinda nini. Mazoea.

Mayu alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka na rundo la pamba, anatenga safi upande huu na fifi, ile chafu, upande ule.

"Mwangaluka, Mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone. Mhola?"

"Mhola duhu," nikamjibu, salama tu.

"Umekuja na ile?"

"Nimekuja na hiyo takataka yako."

"Ndiyo niliyoiita," akasema. "Kaa hapo."

Nikamwambia akavae gauni la kanisani. Akaniuliza nani anakwenda kanisani. Nikamwambia basi asogee pale kwenye ukuta, mwanga ni mzuri. Akasema pamba iko hapa. Nikamwambia aniangalie. Akasema ataniangalia akimaliza lile fungu. Mnaona mteja huyo? Nikapima umbali kwa miguu, nikaweka alama ya mtu mmoja, nikachungulia kwenye kidirisha chao cha kitoto, nikabonyeza.

Tik. Basi. Mlango wa kabati la jikoni una sauti ya maana kuliko ile. Nikazungusha, krr krr krr, huku nimekodolea kitundu chekundu kama mtu anayesoma mita ya umeme. Nikapiga tena. Tik. Na kila nikipiga, kidole gumba kinakwenda chenyewe nyuma ya kamera kutafuta kioo, nione imetokaje. Kinakuta utepe wa fundi umeme. Nilitukana kimoyomoyo. Mtu unapigaje kazi kipofu? Unajuaje kama amefumba macho, kama kakunja uso? Huna pa kuangalia. Unabaki kumwangalia mwenyewe.

Nikamwangalia. Sikuwa na la kufanya. Nywele zake zilikuwa na manyoya ya pamba, hajui. Akikuta uchafu mkubwa anaung'oa kwa kucha ya kidole kidogo, aliyoifuga kwa kazi hiyo. Alikuwa anaimba chini chini wimbo wa kulima, anaukatisha pale pale kila mara, anauanza upya, maana mwisho wake ameusahau. Kovu linacheza anapoimba, linapanda, linashuka. Nilikuwa sijui kwamba linacheza. Sikumbuki mara ya mwisho nimemtazama mama yangu muda wote ule bila kumuuliza kama amekula au kama dawa zimekwisha. Nikapiga, nikazungusha, nikasogea, nikapiga. Na hapo, aibu kusema, nilianza kufurahi. Nilifurahi na lile kopo mkononi, mimi Kasmiri.

"Mayu," nikasema, "geuka kidogo. Nipe upande wa kovu."

Mikono yake ikasimama juu ya pamba. "Upande gani?"

"Wa kovu."

Akanitazama, safari hii sawasawa, bila kanga. Akageuza shavu taratibu, akainua kidevu, jua likamlalia pale pale. Nikabonyeza. Nilijua nimepata. Mpiga picha anajua, huhitaji kioo. Niliisikia mpaka tumboni kwamba hii ndiyo, hii ndiyo itakaa mbele ya watu siku ikifika, na Evalina atafunga mdomo wake.

Nikazungusha. Nikachungulia kitundu. "Imebaki moja," nikamwambia.

"Lete hapa."

"Nini?"

"Tangu asubuhi nimekaa kama mbuzi wa mnadani. Na mimi nikupige."

Nikacheka. "Mayu, hii siyo sufuria."

"Lete."

Nikampa. Picha moja ipotee tu, ile yangu ya kovu ninayo. Akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea, akaigeuza juu, akaigeuza chini, akaigonga kwa ukucha. Nikarudi nyuma, nikajishika kiuno, nikamwambia kwa dharau zote, haya fundi, nikae vipi? Alikuwa anachokonoa kitu mbele ya kamera. Kikatoka. Akakishika kwa vidole viwili, cheusi, cha duara.

"Nilikuwa najiuliza," akasema, "hiki kifuniko mbona hukitoi. Nikasema sitamfundisha fundi kazi, labda ndivyo inavyopigwa."

Akainua kamera. Mimi nimeshaelewa, naruka mbele nimenyoosha mkono, "Mayu, usi—"

Tik.

Filamu ikaisha.

Msinicheke bado, ngojeni niwaeleze. Kamera yangu ya studio, na hata zile za filamu nilizoanza nazo, unachungulia kupitia lenzi yenyewe. Ukisahau kifuniko unaona giza, unajitukana, unakitoa. Lile kopo unachungulia pembeni, unaona uwanja, unaona pamba, unaona mama yako na kovu lake, kila kitu kiko sawa, na mbele lenzi imefungwa kama chungu. Linakudanganya huku linakutazama! Na hicho ndicho Precious alichotaka kuniambia nilipomkatiza. Mkamia maji hayanywi.

Nililaani. Niliilaani plastiki na aliyeitengeneza, nikamlaani yule mwalimu mgeni, nikapiga teke rundo la fifi likatawanyika. Mayu alikuwa bado ameshika kamera kwa mkono mmoja na kifuniko kwa mkono mwingine. Nikamweleza. Zote ni giza, Mayu. Zote. Nilidhani atasikitika.

Alicheka. Alianza taratibu, kisha akalala ubavu kwenye mkeka, pengo lote nje, machozi yanafuata njia ya kovu.

"Kasmiri, mwanangu," akasema alipopata pumzi. "Masunga ulimvisha suti. Mimi umenivisha giza."

Nilimtumia Precious filamu kwa basi. Nilimwambia ukweli? Sikumwambia. Aliposafisha akanipigia simu. "Baba, kile kifuniko—" Nikakata. Baadaye akanitumia kwenye bahasha picha moja tu iliyotoka. Ya mraba, nyeusi na nyeupe, pembe zake zote nne zimefifia gizani, na mstari mweupe umeikata pembeni pale mwanga ulipopenya utepe. Katikati ni mimi. Shati limefungwa kifungo kimoja juu kimoja chini, ndevu za siku kadhaa, macho yamenitoka, mdomo wazi, mkono umenyooka kwa anayetazama. Mteja akitoka hivyo kwangu naifuta kabla hajaiona.

Nikampelekea Mayu acheke tena, nilijua atacheka. Hakucheka. Aliisogeza karibu na macho, akakaa nayo hivyo mpaka chai ikapoa.

"Ndiyo hii," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Sura uliyokuwa nayo zizini. Mdomo hivi hivi, mkono hivi hivi. Ulikuwa unaniita." Akagusa ule mkono kwa ukucha wake mrefu. "Nilidhani niliiona mimi peke yangu na nitakufa nayo."

Akaipachika ukutani chini ya msalaba. Nikamwambia ile mbaya, nitaagiza filamu nyingine, tutapiga upya, kifuniko nitakitupa kisimani. Akasema hapana. Filamu ilikuja, Precious aliipata, nikaenda nayo mpaka Nkoma. Mayu akajifunika kanga. "Yangu imeshatoka," akasema. "Siku yangu ikifika weka hiyo mbele."

"Mayu, hiyo ni mimi! Watu watacheka."

"Wacheke. Wanaonijua hawatapotea."

Alifariki mwezi wa kwanza, baada ya kuugua siku chache, pamba ikiwa imeota vizuri. Sitasema mengi hapo. Watu wakaanza kujaa, ndugu wa Mwamanyili wakafika, na Evalina akaja studio na kitambulisho cha Mayu mkononi. Kuna picha humo, ndogo, na picha za vitambulisho mnazijua, kila mtu anafanana na mtu aliyeamshwa usingizini.

"Ikuze," akasema huku analia. "Msafishe kidogo tu, kaka. Watu wanakuja."

Nikaiingiza kwenye kompyuta. Nikaikuza. Mayu akajaa kwenye kioo, kakasirika, kovu lake liko wazi. Na mkono wangu, nawaambia ukweli, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Sikuutuma. Umezoea. Ulifika kwenye lile kovu na kuanza kulifuta kutoka chini, na lilikuwa linatoka vizuri, laini, kama halikuwahi kuwepo. Nikaona ninachokifanya. Nikalia pale pale, mbele ya Evalina, kilio cha sauti, mpaka wateja wa saluni ya mlango wa pili wakachungulia. Kisha nikafunga kompyuta, nikachukua ile ya mraba, nikaichapa kubwa kama ilivyo. Mstari sikuutoa. Ndevu sikuzigusa.

Evalina aliponiona naiweka mbele ya jeneza aliniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia ndiyo amri ya marehemu. Akasema marehemu alikuwa anatania. Tukabishana mbele ya wakwe, wazee wakatutenganisha. Katekista alifungua kitabu, akaangalia picha, akaniangalia mimi, akafunga kitabu, akafungua tena. Kicheko kikaanza nyuma kwenye viti vya plastiki, kikapita chini chini mpaka kwa kwaya. Rodgers alikuwa ameshainua simu yake juu, anarekodi, meno yote nje.

Ndipo bi Apolonia akaingia. Sasa anashikwa mkono, macho yamezidi ubovu. Watu wakageuka wote kwa pamoja, wakakumbuka ya Masunga, wakamsubiri apotee tena. Akajongezwa mbele. Akainama mpaka pua yake ikakaribia karatasi.

"Huyu si Kasmiri?"

"Ndiye mimi, mama," nikasema. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akaitazama tena, tangu ndevu mpaka mkono ulionyooka. "Ulikuwa unamwangalia nani hivi?"

"Mayu. Yeye ndiye aliyepiga."

Akaushika ule mkono wa kwenye karatasi.

"Basi sijapotea," akasema. "Hapa ndipo kwa Minza."

Akavua viatu, akakaa chini kwenye udongo kando ya jeneza, akaanza kumlilia kwa jina lake la usichana, na wanawake wote wakampokea. Hicho kipande Rodgers hakisimulii.